Yule Mama Aliyepona

Apeduno alisimama mbele ya darasa kwa uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua zawadi yake. Kazi waliyopewa ilikuwa nyepesi: kila mwanafunzi achague ukurasa mmoja wa mtandaoni anaouamini, auchambue mbele ya wenzake na kueleza kwa nini anauamini. Wake ulikuwa wa ugonjwa wa sukari. Ulikuwa na daktari mwenye koti jeupe, maelezo marefu, na picha ya mama mnene mwenye kitenge cha njano anayetabasamu. Mama huyo alishuhudia kwamba chupa nne tu za dawa ya mizizi zilimwondoa kabisa kwenye vidonge vya hospitali.

Isitoshe, ukurasa huo alikuwa ameshamtumia baba yake, mzee Ilukor, kule Malaba. Mzee aliagiza dawa hiyo, na sasa ilikuwa miezi miwili hajagusa vidonge vyake. Kila Apeduno alipompigia simu, mzee alisema miguu imekuwa myepesi.

Somo lile lilifundishwa na msimamizi wa maktaba ya chuo pale Busia, mzee Egesa, mtu wa Sigalame mwenye sauti ya chini, maana kazi yake ya miaka yote ilikuwa kunyamazisha wengine. Alimsikiliza Apeduno mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo daktari anaitwa nani?"

"Daktari Sam, mwalimu. Wa Uganda."

"Sam nani? Alisomea wapi? Na nani mwingine anamjua, mbali na yeye mwenyewe?"

Darasa likacheka. Apeduno akahisi masikio yanawaka moto. "Mwalimu, si iko na picha yake? Na ya mama mwenye alipona?"

"Umeusoma ukurasa kutoka juu hadi chini, umemaliza, umeridhika," mzee Egesa akasema. "Hapo ndipo umekosea. Mtu unayemshuku humchunguzi kwa kuzidi kumsikiliza. Unatoka kwake, unaenda kuuliza majirani. Haya, toka."

Kutoka kwenyewe kukawa shida, maana intaneti ya maktaba ilikuwa imekatika. Lakini Apeduno ni mtoto wa mpakani, na simu ya mtu wa mpakani ina laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Akawasha ile ya Uganda, akaufungua ukurasa upya, akakodoa macho.

Daktari Sam alikuwa amehama nchi. Sasa alikuwa bingwa kutoka Kenya. Mama wa kitenge cha njano, ambaye dakika tano zilizopita aliitwa Mama Rose wa Kakamega, sasa aliitwa Mama Harriet wa Mbale. Tabasamu lilikuwa lile lile, na chupa zilikuwa nne zile zile.

Mtu aliyeutengeneza ukurasa ule alitujua vizuri. Alijua kwamba sisi wa mpakani tunaamini dawa kali hutoka ng'ambo, hata ng'ambo yenyewe ikiwa ni hatua mia tatu kutoka jikoni kwetu. Mkenya akaambiwa dawa ni ya Uganda, Mganda akaambiwa ni ya Kenya, na wote wawili wakatoa pesa. Laiti angekuwa mjinga, tungemcheka. Huyu ni mwizi mwenye akili, aliyekaa chini akapanga, na hilo ndilo linalochoma.

"Sasa huyo mama," mzee Egesa akasema. Alikuwa ameacha meza yake, amesimama begani kwa Apeduno. "Chukua picha yake, uliza mtandao umeiona wapi kwingine."

Apeduno akaitafuta picha ile. Majibu yalikuja mengi, karibu yote yakiuza chupa. La mwisho halikuuza kitu. Lilikuwa tangazo la kifo, kama yale tunayotuma kwenye makundi ya simu kila wiki: jina, ratiba ya ibada, mahali pa mazishi, nambari za wanakamati. Marehemu alikuwa Mwalimu Consolata Nabwire wa Namboboto, aliyezikwa miaka miwili iliyopita. Katikati ya tangazo alikuwa yule mama, amevaa kitenge chake cha njano, na kando ya bega lake mshumaa uliochorwa unawaka. Apeduno akarudi haraka kwenye ukurasa wa dawa. Kile kidoa cha manjano pembeni mwa picha, alichodhani ni ua, kilikuwa ncha ya moto wa mshumaa. Waliikata picha, wakasahau kuumaliza moto.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu ameingia kwenye matanga ya watu, akachagua maiti yenye sura nzuri, akaipeleka sokoni! Apeduno alijaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumamosi alfajiri akaenda Malaba. Alimkuta baba yake barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda, kidole gumba kimefungwa kitambaa kilicholowa.

"Papa, hiyo ni nini?"

"Msumari wa kiatu. Nilitembea nayo siku nzima, nikaona tu damu jioni." Mzee alitabasamu. "Hata hainiumi. Unaona hiyo dawa?"

Apeduno alitamani kuivunja ile chupa ukutani. Badala yake akaketi, akamwonyesha zile picha mbili pamoja na laini mbili, akaeleza yote, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa. Mzee Ilukor aliwahi kuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi na alijua kusikiliza kesi. Alisikiliza. Kisha akarudisha simu.

"Apeduno, si ni wewe ulinitumia hii? Ulisema imeandikwa na daktari. Sasa umekaa chuo kidogo, daktari amekuwa mwizi?"

"Nilikosea, Papa."

"Na hii ya kilio, nani amekuambia ndiyo ya kweli? Pengine huyo mama ako tu kwake anapika, na ni hawa watu wamechukua picha yake wakasema amekufa. Umeuliza?"

Swali lilikuwa la haki kabisa, na hilo lilimuudhi kupita yote. Alikuwa ameliamini tangazo jinsi alivyomwamini Daktari Sam, kwa kulitazama tu. Akashusha macho hadi chini ya tangazo, kwenye nambari za wanakamati, akapiga ya kwanza na kuweka sauti kubwa.

Aliyepokea alikuwa kijana. Apeduno akamwamkia, akamwambia pole, akauliza kama kweli hiyo ni simu ya nyumbani kwa marehemu Mwalimu Consolata.

"Ni mama yangu. Mimi ni Quinton. Nani anauliza?"

Apeduno akamweleza habari ya ukurasa.

"Amepona?" Quinton akasema. "Wameandika mama yangu amepona?" Na akatoa tusi ambalo kwa kawaida halitolewi mbele ya mtu mzima, wala mzee Ilukor hakulikemea. Alivua kofia, akanyoosha mkono kuomba simu.

"Kijana yangu, pole kwa mama. Mimi ni mzee tu, niko huku Malaba. Mama aliugua nini?"

"Sukari, mzee."

"Alikuwa anameza za hospitali?"

"Miaka kumi na saba."

Mzee akamtupia binti yake jicho la mtu aliyeshinda kesi. "Na bado zikamuua."

"Hapana, mzee. Kwa hizo hizo alifundisha mpaka akastaafu, akalima, akalea wajukuu. Aliziacha miezi mitatu tu. Kuna mtu alimletea kitu ya chupa, akamwambia atapona. Tulimzika na mguu moja, mzee."

Mzee Ilukor alisema pole mara tatu, kila moja ya chini kuliko iliyotangulia. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

"Niitie pikipiki," mzee akasema.

"Papa, kliniki ya sukari ni Jumatatu."

"Nimesema niitie pikipiki!"

Apeduno akakimbia mpaka barabarani huku akilia kwa hasira, akasimamisha ya kwanza iliyopita. Alipogeuka, baba yake alikuwa tayari ameshuka barazani peke yake, anakuja kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta, kiatu mkononi.