Aliyeupika Mkanda

Gundi ilining'inia kwenye ncha ya kijiti kama kamasi la mtoto, ikakataa kudondoka. Kinasih, mpishi wa gundi katika kiwanda cha mikanda ya msasa, akasonya. Unga wa chokaa umezidi tena. Gundi nyepesi huzimeza chembe za madini. Nzito huziacha juu juu, zikapukutika mara mkanda wa msasa unapogusa ubao. Yeye alitaka chembe zishikwe miguu, vichwa vibaki nje viking'ata.

"Hata chai huwezi kunywa umekaa?" alimtania Warsito, msimamizi wa tanuri.

"Ubao wa mtiki unaninyima raha, kaka. Vumbi lake lina mafuta, linanata, linaziba mkanda kazi ikiwa bado mbichi."

Safari hii alipunguza chokaa, akaongeza resini ya kugandisha, na juu ya chembe zilizokwisha kukauka akapaka utando mwembamba unaoteleza kama sabuni, vumbi likose pa kushika. Mkanda ulipotoka tanurini aliukunja, haukupasuka. Akaupeleka mwenyewe mji wa Jepara, kwenye karakana ya viti ya bwana aliyeitwa Pak Darmaji. Hakumwambia mtu kwamba huko ndiko alikokulia, wala kwamba mama yake mkubwa, Tumirah, alimlea kwa kusugua viti vya karakana hiyo hiyo kwa mkono.

Pak Darmaji aliufunga mkanda mashineni, akausukuma ubao. Vumbi likaruka, lisinate popote, na ubao ukatoka laini kama ganda la yai.

"Huu sasa ndio mkanda!" alisema, akipiga makofi. Kisha, bila kupunguza sauti, akageukia barazani, walikoketi wanawake na vipande vya msasa mikononi. "Mwezi ujao nabakiza wawili tu."

Furaha ikamtoka Kinasih kama maji kwenye ungo. Msimu mzima wa mvua alikuwa amepigana na gundi, asiwaze hata mara moja mikono iliyokuwa ikiishi kwa ubovu wa mikanda ya awali. Alijiambia kwamba asingeupika yeye, angeupika mwingine. Maneno hayo hayakumkaa moyoni. Akatoka kwenda barazani kwa mama yake mkubwa, mkanda wa akiba mkononi.

"Mama, umesikia anavyosema?"

"Nani hajasikia? Anapayuka kama muuza samaki." Tumirah alishusha kitambaa kilichomziba pua. "Ni wewe uliyeupika?"

"Ni mimi."

Tumirah akaushika mkanda, akapitisha kidole gumba, akakunja uso.

"Nilikusomesha ili usije ukakaa kwenye mkeka huu. Kumbe utaukunja na sisi tukiwa juu yake!"

Mwanamke mmoja alicheka, akakikata kicheko katikati.

Kinasih akachutama, akanong'ona, "Naweza kuuharibu. Nikipunguza resini kidogo tu, chembe zitapukutika. Hakuna atakayejua."

"Utajua wewe. Na wewe hulali hata ukiwa huna kosa." Tumirah aliinuka, magoti yakilia, akaingia ndani moja kwa moja hadi penye mashine. "Pak Darmaji, niwashie nijifunze."

"Bibi wee, kitu hiki hakina adabu. Kitakukata."

"Marehemu mume wangu naye hakuwa na adabu. Niwashie."

Pak Darmaji alimtazama Kinasih, kana kwamba jibu lilikuwa kwake. Kisha akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma.

Ubao wa kwanza uliliwa pembeni. Uliofuata ukatoka na bonde katikati. Kila mkanda ulipoukaribia mkono wa mama yake mkubwa, mkono wa Kinasih nao ulinyanyuka hewani, ukabaki hapo bila kazi. Wanawake walikuwa wameacha mkeka, wamejazana mlangoni. Pak Darmaji alitazama mbao zilizoharibika.

Tumirah alilipapasa lile bonde kwa kiganja, polepole. Alipogeuka, nyusi zake zilikuwa za kahawia kwa vumbi.

"Mkali," alisema.

Kinasih hakujua kama neno hilo lilikuwa la mkanda au la aliyeupika.

"Mbona umesimama? Lete ubao mwingine."

Akaenda kuuleta.