Panga Lisilopita Motoni

Lilikuwa limebaki swali moja tu, na Kokushubira alilihangaikia wiki nzima kama mtu aliyeingiwa na siafu kwenye gauni.

Koku alikuwa fundi cherehani pale Kanoni, miaka ishirini na mitatu, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri. Kila Jumamosi aliteremka kwa jirani yake, Mwalimu Benadeta, kumsaidia kazi za kibanja, shamba lake la migomba, kwa sababu mgongo wa Mwalimu ulikuwa hautaki tena kuinama. Mwalimu alifundisha hesabu sekondari. Kanisani alikuwa hajakanyaga miaka kumi na mmoja. Mzee mmoja wa usharika alimzushia jambo mbele za watu, ukweli ukaja kujulikana, na yule mzee hakuwahi kutamka neno "nimekosa" mpaka alipohamia Bukoba.

Koku hakwenda kumhubiria. Alikwenda kupunguza majani makavu. Ila wawekeni watu wawili kwenye migomba tangu asubuhi, muone kama watanyamaza. Mwalimu aliuliza, Koku akajibu. Akishindwa alisema, "Hilo sijui, Mwalimu, nipe wiki," halafu wiki nzima alikuwa anasoma, anauliza watu, anasikiliza mahubiri kwenye simu huku anashona. Mwalimu alimpenda kwa hiyo "sijui" yake.

"Wale wanafunzi wa Yesu," Mwalimu aliwahi kumbana, "si wangeweza kutunga tu kwamba amefufuka?"

"Mwalimu, mtu anaweza kufia uongo aliodanganywa na mwenzake. Lakini uongo ulioutunga wewe mwenyewe, unajua kabisa ni uongo, unakubali kuufia? Na wenzako wote wakubali, asitokee hata mmoja wa kusema jamani tulikuwa tunatania?"

Mwalimu alitafuna buni yake ya kahawa taratibu, akatema ganda. "Hiyo imesimama. Weka alama ya vema."

Miezi minne wakawa wanaweka vema. Jumamosi iliyopita ndiyo likaja la mwisho.

"Mimi mwanafunzi akinikosea, nasema nimekusamehe, yameisha. Mungu anashindwa nini kusema hivyo hivyo? Msalaba wa nini? Damu ya nini? Nijibu hilo, Koku, bila kunikaririsha. Ukilijibu, Jumapili nakuja kanisani."

Nakuja. Koku alipanda kilima cha kwao hajui miguu iko wapi.

Alhamisi alikwenda Kibingo kwa mama yake mdogo, Celestina. Migomba ya mama mdogo ilikuwa imegeuka njano, majani yamelegea kama yamebabuliwa. "Ni jua hili," mama mdogo alisema, na Koku akachukua panga alilokuja nalo akamsaidia kuiangusha. Jioni akamsaka mwinjilisti wa kule, akamtwanga lile swali. Mwinjilisti alimpa mistari saba. Yote mizuri, ila yote Mwalimu angeiita kukariri.

Jumamosi alifika kwa Mwalimu saa moja asubuhi, panga mkononi, mistari saba kichwani. Mwalimu alikuwa ameenda gulioni Kayanga. Ndiyo vizuri, Koku akawaza, akirudi akute kazi imeisha, tukae tu tuongee. Kwa Mwalimu kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: panga lolote kutoka nje lipite kwanza kwenye moto wa jikoni ndipo liingie kibanjani. Koku aliijua sheria hiyo kama jina lake. Lakini moto ulikuwa umezimwa, na yeye alikuwa na haraka ya furaha. Akaingia. Akapunguza machipukizi, akakata majani, shina la kwanza, la pili, huku anaimba.

Alipomaliza la sita simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mdogo.

"Koku mwanangu, bwana shamba amepita hapa. Siyo jua. Ni mnyauko. Amesema chochote kilichotumika kukata huku kisiguse mgomba mwingine kabla ya kuchomwa, maana ugonjwa unatembea na panga. Lile panga lako, nimelikumbuka sasa hivi."

Koku alilitazama panga. Utomvu ulikuwa bado mbichi.

Mnyauko hauonekani leo. Ungekuja kuonekana baada ya wiki kadhaa, na nani angejua? Nyuki wanaubeba, mbuzi wa jirani wanaubeba. Na kesho ilikuwa Jumapili. Akisema, atakuwa mtu wa kanisa wa pili kumharibia huyu mama. Akinyamaza, Mwalimu angeweza kuja kesho, akakaa kwenye benchi, miaka kumi na mmoja ikaisha hivyo.

Ikaishia juu ya uongo ulioutunga wewe mwenyewe, Koku.

Bodaboda ikasimama njiani. Mwalimu akashuka na kikapu chake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mlingoti? Jibu umepata?"

"Sijapata. Mwalimu, nimekosa." Akamweleza yote, Kibingo, panga, moto ambao hakuuwasha. Akamsikilizisha na ule ujumbe.

Mwalimu aliweka kikapu chini. "Mangapi?"

"Sita."

"Nionyeshe."

Koku alimwonyesha moja moja. La sita lilikuwa nshakala, mgomba wa ndizi za kupika, iliyosimama karibu na jiko, yenye mkungu mnene ambao Mwalimu alikuwa anauhesabia siku. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja mwezi ujao. Koku akalionyesha na hilo.

Koku akaanza kubwabwaja. "Nitakuletea miche, Mwalimu. Nitakuja kila siku. Nitapanda yote upya, hata kama ni mwaka mzima..."

"Nyamaza kwanza. Washa moto."

Waliwasha moto, wakachoma panga la Mwalimu, wakaanza kuangusha mashina, maana ugonjwa hausubiriwi. Mwalimu aliinama na mgongo wake ule ule mbovu. Ilipofika zamu ya nshakala alisimama, akaushika ule mkungu kidogo, kisha akauondoa mkono wake.

"Kata."

Koku alikata huku machozi yanamtoka.

"Nimekusamehe," Mwalimu alisema. "Miche sitaki. Usije kila siku, una nguo za watu." Akajifuta jasho, akageuka kwenda jikoni. Hatua tatu, akasimama. "Koku."

"Abee, Mwalimu."

"Nimesema nimekusamehe. Sasa hasara imekwenda wapi?"

"Imeisha?"

"Imeisha wapi? Wakwe watakula nini? Hii hapa, imelala chini." Aliokota kijiti, akachora mstari kwenye udongo. "Hasara haifutiki, inahama tu. Nikikudai, unaibeba wewe. Nikikusamehe, naibeba mimi. Kuna namna ya tatu?"

Koku alifikiri kweli kweli. "Sioni."

"Hata mimi sioni. Kwa hiyo hakuna kusamehe bure. Anayesamehe ndiye anayebeba. Mimi mwenyewe nimeshindwa kusema tu 'yameisha', na hii ni migomba sita." Alikuwa amechuchumaa sasa, mgongo ameusahau, anachora haraka haraka. "Sasa chukua makosa ya watu wote. Na yule mzee wangu wa Bukoba muweke humo. Mungu akisema amesamehe..."

Koku alishindwa kujizuia. Alikuwa anarukaruka kama mtoto aliyeona senene. "Basi Mwalimu, yeye mwenyewe ndiye aliyeibeba pale msala—"

"Usinimalizie hesabu."

Koku akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mwalimu aliangalia michoro yake. Akaangalia nshakala iliyolala. Muda ulipita, kuku wakaja kudonoa mkungu, hakuna aliyewafukuza. Halafu polepole, chini ya mistari yote, Mwalimu akachora alama ya vema.

"Ibada ya kwanza saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Mwalimu."

"Nitakaa nyuma. Na wewe ukiwa huko kwaya usinigeukie na hayo meno." Akanyoosha mkono. "Lete hilo panga lako."

Koku alimpa. Mwalimu alilitumbukiza katikati ya makaa, akavuta kigoda, na wote wawili wakakaa kusubiri liwe jekundu.