Baba, Naomba Ulegeze Mshipi

Katika miaka yake hamsini na minane Mzee Anselmi alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alilima kabichi kule Mgeta, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba jembe likikuponyoka unakwenda kulifuata kwa jirani. Sasa alikuwa kaketi ndani ya mtumbwi, amevaa sweta, maji pande zote, na mbele yake kaketi mkwewe Amosi.

Amosi alikuwa mwalimu wa sekondari Bagamoyo. Alimwoa Judith, binti wa mzee, mwaka jana, na mzee alikuwa amekuja kuwatembelea. Kijana alikuwa na adabu zake. Nyumbani hakukaa karibu na baba mkwe wala hakumtazama usoni. Ndani ya mtumbwi wa hatua sita hilo lilikuwa gumu, kwa hiyo aliyatazama maji.

"Na kabichi hazijambo, Baba?" aliuliza, baada ya saa nzima ya kimya.

"Zipo."

Ndipo mshipi wa kuvulia alioushika mzee ulipovutwa kutoka majini. Bila kufikiri aliuviringisha kiganjani mara mbili, kama anavyofanya na kamba ya mbuzi, akakaza. Mtumbwi ukageuka wenyewe.

Amosi aliuona ule mkono, akashtuka. "Baba, samahani."

"Naam?"

"Nilikuwa naomba, kama haitakuwa usumbufu..."

Samaki akapanda juu. Ubavu mweupe, mpana kuliko ungo, ukageuka taratibu karibu na mtumbwi, kisha ukazama tena.

"Ni nini hicho?"

"Kolekole, Baba."

"Mkubwa?"

"Mkubwa, Baba. Sasa, kwa ridhaa yako, naomba ulegeze mshipi kidogo."

"Umesemaje?" Upepo ulikuwa umeyachukua maneno.

"Nasema, ukiona inafaa..."

Mzee hakuona inafaa. Kwao Mgeta, mzigo ukikuvuta bondeni, hulegezi, unakita miguu. Akageuka kuufuata mshipi, akampa Amosi mgongo, akakita miguu. Mshipi ukazama kwenye nyama ya kidole, damu ikatoka, naye akazidi kuvuta.

"Achia, wewe mzee!" Amosi akapiga kelele. "Achia! Utakatwa vidole!"

Mshipi ukakatika. Mzee Anselmi akarudi kinyumenyume, akaangukia mapajani kwa mkwewe. Wakabaki hivyo kwa muda, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa unayumba na hakuna aliyethubutu kusogea.

"Amekwenda," alisema mzee.

"Amekwenda, Baba."

Mzee akahisi machozi yanamlenga, akashangaa. Mvua ya mawe ilipommalizia kabichi zote mwaka juzi, hakulia.

"Nisamehe, Baba," Amosi alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuita 'wewe mzee'."

Mzee alijiinua, akarudi mahali pake, akakitazama kidole. "Ungeniita mapema," alisema, "tungekuwa na samaki."

Amosi akainua uso, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu mahari ipokelewe. Kisha akachana kitambaa, akamfunga kile kidole, akamwonyesha jinsi mshipi unavyoachiwa upite vidoleni. Alimwonyesha kama anavyowafundisha wanafunzi wake, kwa amri fupifupi, na mzee akatii. Hadi adhuhuri walikuwa na changu watatu, kila mmoja saizi ya kiganja.

Judith aliwakaanga wakauke, baba yake akasafiri nao hadi Mgeta. Mkewe, Magreth, alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mume wake yuko baharini. Alifungua mfuko, akachungulia.

"Ndio hawa?"

"Ndio hao waliokubali."

Halafu akamweleza habari za yule aliyekataa. Magreth alisikiliza huku akikisafisha kidole kwa maji ya moto na chumvi.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mzee alifikiri sana. Alitaka kusema kweli. "Sijui. Niliona ubavu tu."

Kesho yake asubuhi alikuwa shambani, akipalilia kabichi kwa mkono mmoja. Majirani walipita njiani wakiuliza habari za bahari, naye kila mara alisimamisha jembe, akaanza kisa upya tangu mwanzo.