Siwezi ya Mkaza Mwanangu

Mwanangu alipotuletea mke asiyejua hata neno moja la kwetu, nilinuna wiki nzima. Kisha mwenyewe akarudi zake melini, akaniachia mgeni na mimba yake. Kumnunia mtu asiyejua kwamba umenuna ni kutwanga maji kwenye kinu, basi tukaanza kufundishana jikoni.

Kihispania alinipa kwa huruma, vichwa vinne tu, kama vya treni: quiero ni nataka, puedo ni naweza, tengo que ni lazima, na voy a ni ya mambo yajayo. Nyuma ya kichwa unafunga kitenzi kilivyo, hukigusi, kama sisi tunavyosema nataka kula, nataka kulala. Quiero comer. Tengo que barrer, lazima nifagie. Kazi zikiisha aliniita sebuleni kwenye televisheni: vamos a ver, twende tukaone. Kwa vichwa hivyo tuliendesha nyumba, na hata kugombana tuligombana.

Uchungu ulipomshika, nikawa mkalimani wodini. Mkunga alikuwa mwepesi wa mikono na wa ulimi.

"Anasemaje?"

"No puedo. Anasema hawezi."

"Wote hawawezi, mama, na wote huzaa. Mwambie ataweza."

Nikamwambia: puedes, mwanangu, puedes. Akatikisa kichwa, akasema tena no puedo na neno jingine nyuma yake, lakini mkunga alikuwa anaongea na sikulidaka. Ndipo mkono wa mkaza mwanangu ukanijia. Haukunishika. Ulinipapasa bega, shingo, shavu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani.

"No puedo ver."

Ver. Neno letu la televisheni.

"Haoni!" nikasema.

"Amechoka tu, mama."

"Nakwambia haoni! Mpime!"

Nilipiga kelele mpaka kitanda cha pili wakanyamaza. Mkunga akavuta mashine ya presha, nadhani ili anizibe mdomo. Namba zilipotokea, aliyezibwa mdomo ni yeye.

"Muulize kama kichwa kinauma," akasema, sauti imebadilika.

Nikajishika kichwa kumwonyesha, kisha nikakumbuka kwamba hanioni. Nikamgusa paji la uso. Akalia.

"Kifafa cha mimba kinamnyemelea. Daktari!"

Wakaja mbio na sindano, kitanda kikasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Mlangoni wakanizuia. Yeye alikuwa ananiita, mama, mama, amegeuzia uso upande ambao sikuwepo. Katika vichwa vyangu vinne kimoja tu kilijua habari za kesho.

"Vas a ver," nikamwambia. Utaona.

Mlango ukafungwa. Nani aliyenipa ruhusa ya kuahidi? Nilisimama koridoni. Niliogopa kifo, na niliogopa simu ya mwanangu, maana angeuliza neno moja tu, "Vipi?", nami ningemjibu nini? Nilizikumbuka siku zote nilizomnunia binti wa watu, nikatamani zirudi nimchekee.

Walinipitishia mtoto wa kike, analia vizuri, wakampeleka chumba cha watoto. Mama yake yu hai, wakasema, amelala. Na macho? Tutajua akiamka.

Usiku huo sikufumba jicho langu hata moja. Asubuhi, nikiwa kando ya kitanda chake, akafumbua macho yake, akatazama dari. Nilikuwa na swali zima mdomoni, puedes ver, na sikuthubutu kulitoa. Nilikaa kimya kabisa, hata pumzi nikaibana, ili asinitafute kwa sauti.

Macho yakashuka darini, yakanipita, yakarudi. Mkono ukainuka. Nikaogopa kupapaswa tena. Lakini ulikuja moja kwa moja, kidole kikatua chini ya jicho langu, pale palipovimba kwa kilio.

"Mama," akasema, "tienes que dormir."

Lazima ulale.