Maji ya Kwenye Buti

Mzee Gia alikuwa na gari moja, mke mmoja na siri moja, na katika hivyo vitatu alichokitunza kwa bidii zaidi ni siri.

Siri yenyewe ilikuwa rejeta. Ilivuja. Si kuvuja kwa kumwaga, la, ni kile kivujo cha kinafiki, tone leo tone kesho, ukitazama chini ya gari huoni kitu, ukifungua boneti unakuta maji yameshuka. Mtu mwenye akili zake angelipeleka gari kwa fundi, rejeta ikazibwa, yakaisha. Lakini Mzee Gia alikuwa amestaafu udereva wa malori akiwa na magoti mabovu na jicho la kushoto lenye ukungu, na mkewe alikwisha sema mbele ya watoto wote: "Siku gari hili likianza kusumbua, tunaliuza. Sitaki kuja kuokotwa barabarani." Watoto wakaitikia kama kwaya. Basi mzee angesema nini? Bila usukani angekuwa nani? Angekuwa babu wa kukaa kibarazani kuhesabu nzi. Na pesa za fundi angeziomba kwa mkewe huyo huyo. Akafunika kombe, mwanaharamu apite.

Mkewe majirani walimwita Bibi Klorini, naye hakuchukia. Miaka thelathini alifanya kazi idara ya maji, akipima maji ya kunywa ya mji mzima, na alipostaafu alirudi na desturi zake nyumbani kama wengine wanavyorudi na saa ya ukutani. Gari halikutoka bila dumu la lita kumi kwenye buti. Dumu lisilowahi kutiwa mafuta, limeoshwa kwa sabuni, limejazwa maji yaliyochemshwa, klorini kaiweka kwa matone anayoyahesabu kwa sauti, kifuniko kimekazwa, tarehe imebandikwa, blanketi kuukuu juu yake lisipigwe jua. Kila baada ya miezi mitatu anamwaga, anaosha, anajaza upya.

"Mke wangu, hilo dumu unalitunza kuliko mimi," mzee alimtania.

"Dumu halinibishii," alijibu. "Na siku utakayokwama, utalipigia magoti."

Sasa sikilizeni alivyofanya huyu bwana. Rejeta ikipungua njiani, alifungua buti na kuchota humo humo kwenye dumu la mkewe. Mwanzoni alirudishia maji ya bomba. Halafu akaona uvivu. Pale gereji alikokwenda kupiga soga palikuwa na pipa ambalo fundi alikusanyia maji ya rejeta za watu, yaliyokwisha changanywa na ile dawa ya kijani ya kupoza injini, ayatumie tena. Yalikuwa maji yamechujwa, hayana uchafu, na yalikuwa tayari. Mzee akajazia hapo. Kwa dereva wa miaka arobaini lile dumu lilikwisha hama ukoo: lilikuwa la rejeta, na maji ya rejeta hurudi rejeta. Siku tatu kabla ya safari lilikuwa tupu kabisa, akalijaza lote kutoka kwenye pipa. Akajiambia ataliosha na kulijaza upya alfajiri ya safari. Alfajiri ikafika, akamkuta Bibi Klorini amekwisha kaa ndani ya gari, mkoba mapajani, mjukuu pembeni.

"Unasubiri nini, baba watoto? Twende, jua lisituwahi."

Mzee akaingia, akawasha gari.

Mjukuu huyo walimwita Nukta, maana alizaliwa mdogo mpaka wakunga wakaogopa kumshika. Sasa alikuwa na miaka mitatu, mwembamba bado lakini mdomo kama redio. Alikuwa amekaa kwa babu na bibi mwezi mzima wakati mama yake akihama nyumba, na siku hiyo walikuwa wanamrudisha.

Saa tano wakakuta foleni. Mvua za milimani zilikuwa zimebeba daraja, huku chini hata tone halikudondoka, jua kali tupu. Malori, mabasi, magari madogo, yote yamezima injini. Mbele huwezi, na nyuma tayari yamekwisha jipanga mengine. Watu wa miguu tu ndio walivuka, mmoja mmoja, juu ya vyuma vilivyobaki. Chupa mbili za maji walizobeba zikaisha saa nane. Walipouliza kwa majirani wa foleni, kila mtu alionyesha chupa tupu.

"Bibi, kiu," Nukta akasema.

Bibi Klorini akacheka. Alikuwa amelingojea neno hilo miaka mingi. "Haya, baba watoto, leo nani anacheka? Lete dumu."

Mzee alishuka garini. Angesema pale pale, hadithi hii isingekuwepo. Alifungua buti, akasimama akilitazama lile blanketi, akawaza: nikisema, gari limekwenda. Akawaza tena: dawa yenyewe imezimuliwa, kikombe kimoja kitamfanya nini mtoto? Ujanani mwenyewe aliwahi kuonja maji ya rejeta jangwani, na hakufa. Ndivyo mtu anavyojidanganya. Akalibeba dumu, akaliweka miguuni pa mkewe.

Bibi akamimina kwenye kikombe cha mtoto, cha plastiki, cha kijani. Akanusa. "Klorini imekwisha kuruka. Joto hili!" Akasoma tarehe yake mwenyewe, akaridhika, akampa mtoto.

Nukta akanywa mpaka chini. "Tamu," akasema. "Niongeze."

"Unaona? Maji ya bibi," akasema Bibi Klorini, na akamwongeza. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe kunywa."

"Sina kiu."

"Huna kiu na midomo imekupasuka?"

"Mpe mtoto."

Mkewe akamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku nyingi. Akamshika mkono. "Haya. Basi na mimi nitavumilia, tumwachie yeye. Hatujui tutalala hapa siku ngapi." Mzee akaona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado hakusema.

Kikombe cha tatu kilikuwa saa tisa. Saa kumi Nukta alianza kuongea ovyo, ulimi mzito, akisimama anayumba, akicheka peke yake kama mlevi wa harusini. Watu wa basi la jirani wakacheka naye. Kisha akatapika. Kisha akalala kwenye mapaja ya bibi yake, akawa anapumua haraka haraka.

"Ni jua hili," Bibi Klorini akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Amekaukiwa maji. Nishikie kichwa, nimpe mengine, kidogo kidogo kwa kijiko."

Akamimina. Kijiko kikaingia kinywani. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilipokuwa njiani, Mzee Gia akakipiga kwa mkono, kikaanguka.

"Una wazimu?"

"Usimpe."

"Nisimpe maji mtoto anayekauka?"

"Si maji yako hayo." Akalivuta dumu upande wake. "Rejeta inavuja. Nilikuwa nachota humo. Nilijazia gereji, kwenye pipa la fundi. Lina ile dawa ya kijani."

Bibi Klorini hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliinua kikombe akakitazama ndani, kijani juu ya kijani, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Dawa ni kiasi gani?"

"Sijui. Fundi ndiye anayechanganya."

"Dawa hiyo inakula figo," alisema polepole, kama anayemsomea mtu majibu ya kipimo. "Inaanza kwa ulevi, halafu figo. Kikombe cha kwanza ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwepo."

"Na cha pili."

"Nilikuwepo."

"Na ukaniambia huna kiu. Mimi nikakushika mkono."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakusema kifo kikija kumuumbua kinaweza kupitia kwa nani.

Mkewe alikwisha vua mtandio, akamfunga Nukta mgongoni, kaza, kaza tena. Akauliza watu: kliniki iko wapi? Ng'ambo ya daraja, wakamwambia, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, kama muuguzi hajaondoka. Kichwa cha mtoto kililala upande, mdomo wazi. Hakuwa akiongea tena.

"Nipe nimbebe mimi," Mzee Gia akasema, akijaribu kusimama, na magoti yakamkatalia kama kawaida yake.

"Wewe?" Mkewe akamtazama mara moja tu. "Wewe kaa na gari lako."

Akaondoka kati ya magari, mwanamke wa miaka sitini na sita, hajanywa maji tangu mchana, anakwenda nusu mbio. Mzee alimfuata hadi lori la nne, akashika bampa, akashindwa. Kutoka pale, kwa jicho lake zima, alimwona akifika kwenye vyuma vya daraja, watu wakimshika mkono mmoja mmoja wakimpitisha. Kisha hakumwona tena.

Akarudi kwenye gari. Alilimwaga lile dumu lote barabarani, na mama mmoja wa kwenye basi akamfokea: mzee gani huyu mchoyo, anamwaga maji watu wanakufa kwa kiu? Mzee akalitupa dumu ndani ya buti. Akakaa kwenye kiti cha usukani, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, mama Nukta.

"Baba! Nasikia daraja limekwenda. Mko salama? Nampigia mama, hapokei."

"Tuko foleni," akasema.

"Na hilo jua! Nukta wangu hawezi kiu, baba, unamjua. Yale maji ya mama si yapo garini?"

Mzee Gia akatazama mbele, kule darajani.

"Yalikuwepo," akasema. "Amekunywa."

"Afadhali," binti yake akasema, na akacheka kidogo kwa kushusha pumzi. "Sisi tulikuwa tunamcheka mama na dumu lake. Basi baba, sina wasiwasi tena. Mwambie Nukta nimempangia kitanda chake dirishani."

"Nitamwambia," akasema Mzee Gia.