Michoro ya Katikati

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Restuta alipanda ngazi za chuma hadi chumba kilicho juu ya karakana ya kuchomelea mageti, mtaani Kizota, akaketi mbele ya meza ya kioo yenye balbu chini yake. Alichonga penseli mbili. Kisha akafumba macho akaomba, kama alivyofanya kila mara kabla ya kugusa karatasi, na wanafunzi wenzake watatu wakapunguza sauti za simu zao hadi alipomaliza. Kila fundi wa chini alipochomelea, balbu ilififia, halafu ikarudi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mhudumu katika ofisi moja ya serikali, kazi yake kubeba mafaili na kupika chai. Birika la ofisini lilikuwa limemwachia kovu lenye umbo la ndoano juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Alitaka kujifunza kuchora katuni zinazotembea ili awatengenezee watoto wa shule ya Jumapili visa vya Biblia. Alikwisha kufaulu mpira unaodunda na gunia la unga linaloruka. Zoezi la tatu lilikuwa mkono.

"Mkono unaonyanyuka ulipolala, kisha unarudi," alisema mwalimu Masudi, kijana wa Tanga aliyemwamkia shikamoo kila jioni kisha akamsahihisha bila huruma. "Sekunde moja, michoro ishirini na minne. Anza na wa kwanza na wa mwisho. Ishirini na miwili ya katikati utaijaza nyumbani. Na uchore mkono unaoufahamu, mama, siyo wa kubuni."

Restuta alichora mkono wa mama yake. Aliufahamu: kidole gumba kilichopinda kwa miaka thelathini ya kupogoa mizabibu kijijini Hombolo, kucha pana, mshipa unaokatiza. Katika mchoro wa kwanza mkono umelala juu ya khanga, safi. Katika wa mwisho umelala palepale, gumba lina wino, kwa kuwa ndivyo alivyouona mara ya mwisho, Alhamisi moja mwezi wa sita, siku aliyofariki mama.

Alirudi chumbani kwake, akaiweka michoro hiyo miwili mezani pamoja na karatasi tupu ishirini na mbili, akaenda maombi ya jioni. Aliporudi, karatasi zote zilikuwa zimechorwa.

Hakushangaa. Alishuku. Alimshuku kwanza Octavian, mwenzake wa darasani, anayependa mizaha. Kisha akamshuku binti wa mwenye nyumba. Aliikagua mistari chini ya taa: ilikuwa ya penseli yake, iliyokandamizwa kama anavyokandamiza yeye, ila haikuwa na sehemu hata moja iliyofutwa, na Restuta hufuta sana.

Alhamisi aliipeleka darasani. Masudi aliipiga picha mmoja mmoja kwa simu, akaichezesha. Mkono ukanyanyuka, ukashuka.

"Nani kakufanyia?" aliuliza.

"Imejichora nikiwa kwenye maombi."

"Sawa." Aliichezesha tena. "Uzito umeupata. Lakini tazama, kifundo kinatangulia, vidole vinafuata vimelegea. Mtu akinyanyua mkono wake, mwendo unaanzia begani. Huyu hajinyanyui, ananyanyuliwa."

"Mama alikuwa amelala."

"Aliyelala akiguswa vidole hujikunja, hata kidogo. Hivi havijikunji. Huyu ni maiti, mama. Na maiti ni ngumu kuchora, hongera."

"Mama Mchungaji!" Octavian alilalamika, kwa jina alilompachika Restuta kwa sababu ya maombi yake. "Unatuletea marehemu jioni yote hii, mimi nyumbani napita makaburini."

Watu walicheka. Masudi akampa saba kwa kumi, akamwambia arudie zoezi, kwa sababu haionekani ni nani anayenyanyua.

Restuta alitembea kwenda nyumbani akihesabu hatua. Kaka yake Gerson, mzee wa kanisa, aliwaambia wote kwamba mama aliweka dole gumba kwenye karatasi ya urithi asubuhi ile ya Alhamisi, akili zake timamu, na kwamba alisema, "Basi, mwanangu, nimemaliza." Karatasi ilimpa Gerson shamba lote la zabibu na nyumba iliyo ndani yake. Katika nyumba hiyo aliishi mdogo wao Elieth na wanawe, aliyemwogesha mama kwa miaka mitano na kupogoa mizabibu akitoka kumwogesha. Asubuhi ile Elieth alikuwa ameenda kuchota maji. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Pasipokuwa na pingamizi, Elieth angehama baada ya mavuno.

Mara ya pili Restuta aliifungia michoro miwili na karatasi tupu ndani ya sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni, akaenda maombi. Alipofungua, ishirini na miwili ilikuwa tayari. Safari hii kulikuwa na mkono wa mwanamume ulioshika kifundo cha mama. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama cha Gerson tangu alipoanguka kwenye baiskeli akiwa darasa la tano.

Alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kumfunulia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, akarudia zoezi mara ya tatu.

Mara ya tatu, kuanzia mchoro wa tisa, ulitokea mkono mwingine, wa mwanamke, umeshika kikopo cha wino kilichofunguliwa. Juu ya kifundo chake kulikuwa na kovu la ndoano.

Restuta hakupiga magoti. Alikaa kitandani akautazama mkono wake hadi uji ulipoungulia jikoni.

Jumapili baada ya ibada Gerson alimtembelea. Alimletea mbaazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Masomo ya katuni yanaendeleaje? Watu kanisani wanakuulizia."

Alimwekea chai, akaweka na michoro mezani. Gerson alivaa miwani, akaifunua mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayekagua orodha ya wabatizwa.

"Unachora wewe?"

"Wa kwanza na wa mwisho ni mimi. Ya katikati inajichora."

"Mm." Akafika wa kumi na moja. "Kidole changu wamekipatia." Akafika wa kumi na tano. "Na huyu wa wino ni wewe."

"Uliniambia ni fomu ya hospitali."

"Nilikuambia ni fomu. Hospitali umeiongeza mwenyewe."

Nje jirani alikuwa akimwita mbuzi kwa jina.

"Nikuulize, Resti. Uliposogeza kile kikopo, uligusa gumba lake. Lilikuwa la moto au la baridi?"

"Ilikuwa mwezi wa sita. Kila kitu kilikuwa cha baridi."

"Haya." Gerson alizipanga karatasi, akazigonga mezani kingo zikae sawa. "Jumamosi njoo nazo kikaoni. Mimi sikuzuii, wewe ni mtu mzima. Ila ukizionyesha zionyeshe zote, usikate katikati." Akanywa chai, akaisifu, akaongoza sala fupi ya kumwombea dada yake katika masomo, akaondoka.

Wiki hiyo Restuta alifunga siku tatu. Aliomba apewe neno la kusema, na asubuhi ya Jumamosi alikuwa nalo, fupi, la sentensi moja. Alitia michoro ndani ya Biblia, Biblia ndani ya mkoba, akaenda Hombolo.

Kikao kilikaa uani, upepo ukipeperusha vumbi kutoka upande wa bwawa. Baba mdogo Filipo aliisoma karatasi yote, mpaka tarehe. Kisha akaizungusha kila mtu alione dole gumba.

"Kuna mwenye neno?"

Kuku walipita. Elieth alimtazama Restuta. Gerson naye alimtazama, kwa upole, kama anayemsubiri mgonjwa ameze dawa. Restuta aliuweka mkoba magotini, juu yake akaweka mkono wa kulia, na juu ya mkono wa kulia ule wa kushoto. Halafu akageuza ule wa kushoto, kovu likawa chini.

"Basi," alisema baba mdogo Filipo. "Tufunge kwa sala. Restuta, wewe ndiye mwombaji wetu."

Aliomba. Aliomba vizuri, na wawili walilia.

Alasiri alimsaidia Elieth kuchuma. Mavuno yalikuwa mazuri. Walikaa kila mmoja upande wake wa karai, wakitoa punje zilizooza.

"Dada," Elieth alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nilikuwa kisimani. Wewe ulikuwepo. Mama aliliweka lile dole mwenyewe?"

Wakaendelea kuchambua hadi karai likajaa.

Zoezi la nne lilikuwa mazungumzo ya watu wawili. "Mazungumzo unayoyafahamu," alisema Masudi. Restuta alichora wa kwanza: wanawake wawili na karai tupu. Akachora wa mwisho: wanawake walewale na karai limejaa. Akaweka karatasi ishirini na mbili kati yake, akaenda maombi.

Alhamisi Masudi aliichezesha kwenye simu, mara moja, mara ya pili. Mwanamke wa kulia alifungua kinywa kwenye mchoro wa tatu, akakifunga kwenye wa nane, akasubiri. Zabibu zilipanda ndani ya karai. Mwanamke wa kushoto hakufungua kinywa.

"Huyu wa kushoto umemsahau, mama?"

"Sikumsahau, mwalimu."

Masudi aliisogeza simu karibu na macho. Chini fundi alichomelea, balbu ikafifia, ikarudi.

"Unajua, kumkalisha mtu tuli hivi kwenye michoro ishirini na minne ni kazi," alisema. "Wengi mkono unawatetemeka, mhusika anaonekana anataka kusema kitu. Wako ametulia kabisa."

Akampa tisa kwa kumi, akawaita wenzake waje wajifunze. Restuta alishukuru. Alipofika nyumbani aliiweka michoro ndani ya sanduku pamoja na ile mingine, akalifunga kwa ufunguo, akauvaa shingoni, ingawa alijua fika kwamba ufunguo huo haukuwahi kuzuia kitu.