Picha ya Bikizee

Shemeji yake alijiita Jicho la Mwewe, na hilo peke yake lilitosha kumchefua mtunza samaki. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, amejipa jina mwenyewe na kulichapisha kwenye kadi! Kazi yake ilikuwa kupiga picha za maharusi waliosimama wima kama magunia, na asubuhi hiyo alikuja kwenye jumba la matangi ya samaki na shati jeupe pe, mabegi mawili na mbwembwe za kujaza lori.

Lakini mpiga picha mwingine hakuwepo. Meneja alitaka nafasi ya kaunta ya soda, na alikuwa amelikazia macho tangi la Bikizee, samaki mkongwe wa jicho moja. Baada ya kubembelezwa wiki nzima alikubali jambo moja: picha nzuri ya Bikizee imfikie mezani ifikapo saa sita, iwekwe kwenye bango la mlangoni, na tangi litabaki. La sivyo, Bikizee atahamishwa. Samaki wa umri ule hahamishwi akapona, na mtunza samaki, aliyemlisha kwa mkono wake miaka kumi na mmoja, alilijua hilo vizuri.

"Flashi moja tu, shemeji," alisema Jicho la Mwewe. "Humu giza mno."

"Flashi ndiyo iliyomtoa jicho. Mgeni alimmulika, akashtuka akajibamiza kwenye jiwe. Ukiiwasha tu, nakuvunjia hiyo kamera kichwani."

"Basi niibane lenzi kwenye kioo, maana..."

"Kioo hakiguswi! Utamtisha."

"Lakini kioo kina..."

"Shemeji, kazi yako ni kubonyeza. Funga mdomo, ubonyeze."

Akafunga. Mtunza samaki akafyonya, kisha akapanga kila kitu mwenyewe. Alizima taa za ukumbi akaacha ile ya tangi tu. Kibao chenye mwanga cha mlango wa kutokea alikifunika kwa gunia. Lile shati jeupe, lililokuwa likionekana kwenye kioo utadhani limeanikwa humo, alimvua na kumvisha aproni nyeusi ya kuoshea matangi. Alipomwona kifua wazi ndani ya aproni, kitambi kimetangulia, alicheka kwa sauti. Dada yake alichumbiwa na wanaume wanne, akaenda kuchagua hiki!

Picha za kwanza zilitoka ukungu mtupu. Kwa mwanga hafifu namna ile kamera ilihitaji muda, na Bikizee hakuwa na habari ya kuisubiri.

"Anatembea sana," alilalamika Jicho la Mwewe.

"Ni samaki. Ulitaka umwekee kiti?"

Dawa aliijua yeye. Alisimama ubavuni mwa kamera, akainua kidole mbele ya kioo kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kulisha. Bikizee akaja polepole, akatulia mbele ya kidole.

"Sasa!"

Jicho la Mwewe akabonyeza. Akatazama kioo kidogo cha kamera, akamtazama mtunza samaki, akatazama tena.

"Shemeji, hebu..."

"Nimesema nini? Bonyeza!"

Akabonyeza. Alibonyeza mara arobaini.

Saa sita kamili walikuwa mbele ya kompyuta ya meneja. Bikizee alitoka safi, magamba yake yangeweza kuhesabika, jicho lake moja liking'aa. Na juu yake kwenye kioo, toka kichwa hadi mkia, kulikuwa na mwanamke aliyevaa koti jeupe la kazi, midomo ameibinua, macho ameyapindisha kwa dharau. Picha zote arobaini. Koti hilo mtunza samaki alikuwa amelivaa kila siku kwa miaka kumi na mmoja, hata alikuwa halioni tena.

"Huyu mama aliyenuna ndiye nani?" aliuliza meneja. Akatazama saa ya ukutani, akachukua simu na kuwaita mafundi wa kaunta.

Mtunza samaki alimgeukia shemeji yake, ambaye bado alikuwa ndani ya aproni.

"Uliniona?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Jicho la Mwewe alifungua kamba za aproni, akaikunja taratibu na kumrudishia.

"Uliniambia nifunge mdomo, shemeji."